Mlembe: Ndege anayepiga wimbo na mrina asali, na kwa nini wimbo huo unaweza kunyamaza

Kuna ndege mmoja porini ambaye akikuona hakimbii. Anakusogelea, anatua kwenye tawi mbele yako, anaanza kupiga kelele kavu za haraka haraka kama mtu anayetikisa kiberiti chenye njiti nusu. Ukimfuata anaruka hadi mti wa pili, anafunua manyoya meupe ya pembeni mwa mkia, anakungoja. Ukizubaa anarudi kukufuata. Anakuita kwenye asali.

Kiswahili kinamwita mlembe. Wengine humwita ndege wa asali, au kiongozi tu. Wataalamu wa ndege walimpa jina la Kilatini Indicator indicator, yaani mwonyeshaji mwonyeshaji, kana kwamba mara moja haikutosha. Kwa sura ni wa kawaida kabisa: kahawia na kijivu, mdogo kuliko njiwa. Kama si kelele zake ungempita bila habari.

Anaishi karibu kote kusini mwa Sahara penye miti. Misitu ya miombo ya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasanda na Kakonko, kupita Kibondo hadi Kasulu na kushuka kwenye mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, ni aina ya msitu anaoupenda. Na kwa watu wa huku asali si hadithi. Ni biashara, ni dawa ya kifua, ni pombe ya sherehe.

Hapa lakini tunamzungumzia mlembe kama mwanamuziki. Sio kwa mzaha. Ukichunguza kinachotokea kati yake na mrina asali, utakuta ni muziki wa watu wachache, wa kusikilizana kwa karibu, ule ambao Ulaya wanauita muziki wa chemba. Tofauti ni kwamba mpigaji mmoja ana mabawa.

Muziki wa chemba ni nini hasa?

Chemba ni chumba. Muziki wa chemba ni ule uliotungwa kwa ajili ya wapigaji wachache, wawili, watatu, wanne, kila mmoja na sehemu yake, bila mtu wa kusimama mbele na kijiti kuwaongoza. Hakuna wa kujificha nyuma ya kelele za wenzake. Ukikosea, wote wamesikia. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpigaji ni sikio: mwenzako amepunguza mwendo, na wewe punguza, amekuuliza swali kwa fidla yake, mjibu.

Usidhani ni jambo la Wazungu peke yao. Vuka mpaka tu hapo Burundi, ambako lugha ni ndugu kabisa na Kiha, utakuta inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia la kina, na kamba moja ikapitishwa mbele na nyuma hadi zikatoka nyuzi kama nane hivi. Mpigaji anaketi, anapiga taratibu, na badala ya kuimba ananong'ona. Ndiyo, ananong'ona wimbo mzima.

Hapo kuna maajabu. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, ni hewa tu. Lakini nyuzi za inanga zinafuata kupanda na kushuka kwa maneno, na sikio la msikilizaji linaunganisha vyote viwili, hadi anaapa kwamba amemsikia mtu akiimba. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliandika kwa kina juu ya udanganyifu huo wa sikio. Muziki huo ukipigwa uwanjani unapotea. Unahitaji chumba, moto na watu wachache walionyamaza.

Watunzi walivyowaiga ndege

Watunzi wa muziki wa chemba wamewapenda ndege tangu zamani. Joseph Haydn wa Austria aliandika mwaka 1781 kipande cha wapigaji wanne wa nyuzi ambacho watu walikibandika jina la "Ndege", kwa sababu fidla zinadonadona noti fupi fupi kama vifaranga. Mwaka 1790 akaandika kingine, nacho kikapewa jina la kipozamataza, yule ndege anayepanda angani huku anaimba. Mwingereza Ralph Vaughan Williams naye alimwandikia kipozamataza kipande cha fidla na piano mwaka 1914, vita ikaingia kati, kikapigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza mwaka 1920. Wengi leo wanakijua kwa toleo lake la okestra.

Aliyezama zaidi ni Mfaransa Olivier Messiaen. Alikamatwa na Wajerumani mwaka 1940 akiwa askari, akafungwa kwenye kambi ya Görlitz. Mle ndani alikuwa na wafungwa wenzake watatu waliojua muziki, mmoja wa klarineti, mmoja wa fidla, mmoja wa selo. Yeye akashika piano. Kipande alichowaandikia kilipigwa humo kambini tarehe 15 Januari 1941, katikati ya baridi, mbele ya wafungwa na walinzi. Sehemu ya tatu ni ya klarineti peke yake, inaitwa shimo la ndege: shimo ni wakati na huzuni yake, na ndege ni kinyume cha hayo. Baadaye Messiaen alikuwa akienda mashambani na daftari, anaandika milio ya ndege noti kwa noti. Mwaka 1952 akatoa kipande cha filimbi na piano kilichojengwa juu ya ndege mmoja tu mweusi wa Ulaya.

Hao wote ni mabingwa, sikatai. Ila angalia: ndege wao hajui kitu. Kipozamataza hajawahi kusikia fidla ya Vaughan Williams, na hata angeisikia asingejibu. Mtu anachukua mlio, anakwenda nao chumbani, anaufanyia kazi. Kwa mlembe mambo ni mengine, maana yeye hujibu.

Wimbo wenyewe, hatua kwa hatua

Mtu wa kwanza kuupima wimbo huu kisayansi kwa undani alikuwa Mkenya, Hussein Isack, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer. Walikaa na Waborana wa kaskazini mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 1989 katika jarida la Science.

Kwanza, mtu ndiye anayeanza, au ndege, yeyote kati yao. Mborana akitaka kumwita hupuliza mluzi mkali kwa kukutanisha viganja, au kwa gamba la konokono, au kokwa la mkoche lililotobolewa. Mluzi huo husikika zaidi ya kilomita moja. Ndege akiwa na njaa ya nta, anakuja.

Anapiga ile kelele ya kiberiti. Kisha anatoweka kwa muda, na hapo wageni wengi hukata tamaa na kudhani amewakimbia. Waborana walisema ukitazama ametoweka kwa muda gani utajua nyuki wako mbali kiasi gani. Isack na Reyer walipopima wakakuta ni kweli: kadiri tundu la nyuki lilivyokuwa mbali, ndivyo ndege alivyochelewa kurudi mara ile ya kwanza.

Halafu safari. Anaruka, anatua, anaita. Mtu anafuata huku akipiga mluzi, akizungumza kwa sauti, akigonga magogo kwa shoka ili ndege ajue bado yupo. Wakikaribia, miruko inakuwa mifupi, na ndege anatua kwenye matawi ya chini zaidi.

Na wakifika, wimbo unabadilika. Ile kelele ya haraka inaisha. Noti zinakuwa laini, zinaachana, kunakuwa na ukimya mrefu kati ya moja na nyingine. Anaita mara chache hivyo, ananyamaza kabisa. Mrina asali mzoefu akisikia mwendo umepungua anaacha kumtazama ndege, anaanza kutazama mashina. Anatafuta tundu.

Mwanafunzi yeyote wa muziki atakwambia hiyo inaitwaje: kupunguza mwendo kuelekea mwisho wa kipande. Haydn alifanya hivyo kwa kalamu. Mlembe anafanya kwa sababu amefika.

Faida yake? Bila ndege, Waborana walitumia wastani wa saa 8.9 kupata tundu moja la nyuki. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Upande wa ndege nao, 96 kati ya kila matundu 100 asingeweza kuyafikia mpaka mtu ayapasue. Ndege anajua nyuki walipo lakini hana shoka wala moshi. Mtu ana shoka na moshi lakini hajui walipo. Baada ya hapo mtu anachukua asali, ndege anakula masega na majana. Mlembe ni mmoja wa wanyama wachache sana duniani wanaoweza kula nta ikawa chakula.

Hilo la nta lilimshangaza hata padre wa Kireno, João dos Santos, aliyekuwa Sofala, Msumbiji, miaka ya 1580. Aliona ndege wadogo wakiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta ya nyuki. Akaandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye asali. Kwa hiyo habari hii imeandikwa kwenye vitabu zaidi ya miaka 400 iliyopita, na ni wazi watu wa pwani na bara waliijua kabla ya yeye kufika.

Usipomlipa, atakupeleka kwa chui

Sasa tuje kwenye hadithi yake, maana ndege huyu na hadithi yake hawaachani.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini, mtoto anayefundishwa kurina huambiwa hivi: ukishatoa asali, mwachie ndege sega lake, tena lenye majana. Ukimdhulumu atakumbuka. Siku nyingine atakuita vizuri tu, kwa wimbo ule ule, umfuate hadi mwisho, na mwisho wake utakuta chui, au simba, au chatu amejikunja.

Ni hadithi nzuri kwa sababu adhabu inakuja kwa wimbo. Huwezi kujua mapema. Sauti ni ileile, kilichobadilika ni nia.

Je, ni kweli? Watafiti waliowafuata walembe kaskazini mwa Msumbiji wamekuta kwamba, mara chache sana, ndege huwapeleka watu kwa nyoka au mnyama mwingine. Lakini hawakupata dalili kwamba ni kisasi. Inaelekea ndege huchanganya tu mambo. Na wapo watu wanaofanya kinyume kabisa cha hadithi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi mara nyingi hawamwachii kitu. Huyachoma au huyafukia masega yaliyobaki, kwa hesabu kwamba ndege mwenye njaa ataendelea kuongoza. Mtafiti Brian Wood aliyeishi nao alikadiria kwamba asali inayopatikana kwa msaada wa ndege huyu ni karibu asilimia 8 hadi 10 ya chakula chao. Na chui hajawamaliza.

Binafsi naipenda hadithi hata hivyo. Inamfundisha kijana asichukue kila kitu, na inamweka ndege kama mtu mwenye haki yake kwenye mgawo. Hiyo si kazi ndogo kwa hadithi ya dakika moja.

Mluzi una lafudhi

Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma kutoka kwa ndugu zao wa Tunduru, humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno mfupi: brrr-hm. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walijaribu kutembea porini wakicheza sauti hiyo, kisha wakacheza sauti nyingine za watu na mlio wa njiwa. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa asilimia 33. Kwa brrr-hm ukapanda hadi 66. Uwezekano wa kufikishwa kwenye nyuki ukapanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Ndege anajua kwamba anayetoa sauti ile ana shoka na moshi, na hapotezi muda na mpita njia.

Mwaka 2023 Spottiswoode na Wood wakaenda hatua nyingine. Walichukua brrr-hm ya Wayao wakaipeleka kwa ndege wa Wahadzabe, na mluzi wa Wahadzabe wakaupeleka kwa ndege wa Wayao. Ndege wa Eyasi waliitikia mluzi wa nyumbani zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya kigeni. Wale wa Niassa waliitikia sauti ya nyumbani karibu mara mbili.

Yaani ndege wana lugha ya eneo lao. Na hawakufundishwa na wazazi, kwa sababu mlembe halei watoto wake. Jike hutaga kwenye viota vya ndege wengine, kwa mfano wale wala nyuki, na kifaranga huzaliwa na ncha kali mdomoni anayotumia kuwaua vifaranga wa mwenye nyumba. Ndiyo, mwimbaji wetu ana historia mbaya ya utotoni. Hamu ya kuongoza inaelekea anazaliwa nayo. Lakini sauti ipi ya mtu inaleta nta, hiyo anajifunza porini kwa kutazama na kusikia watu wa pale pale.

Basi piga hesabu. Kama watu wa eneo wakiacha kuita, vifaranga wapya hawana pa kujifunzia. Na limeshatokea: katika sehemu nyingi za Afrika ambako watu wameacha kutafuta asali ya porini, na sukari ikawa ya dukani, walembe bado wapo mitini lakini hawaongozi mtu.

Kibondo na Kasulu: mizinga imebadilika

Mkoa wa Kigoma ni kati ya mikoa inayotajwa sana kwa asali Tanzania, pamoja na Tabora na Katavi. Zamani kazi ilikuwa ya mizinga ya magogo na magome iliyotundikwa mitini, ikichanganyika na kurina matundu ya porini. Siku hizi mizinga ya kisasa ya mbao inasambazwa kwa vikundi, na miradi kama BEVAC, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, imefika hadi Kigoma ikihimiza ubora, vifungashio na masoko.

Hakuna wa kulaumu hapo. Mzinga wa kisasa unatoa asali safi, hauangushi mti, mwanamke anaweza kuukagua bila kupanda juu. Kurina porini kwa mwenge wa moto kumeshachoma misitu mingi, na upande wa pori la akiba huwezi tu kuingia na shoka kwa sababu ndege amekuita. Misitu yenyewe imebanwa na mashamba, mkaa na kuni.

Ila mwenye mizinga ishirini nyuma ya shamba hahitaji kuonyeshwa nyuki. Anajua walipo, aliwaweka mwenyewe. Mlembe akija akatua na kutikisa kiberiti chake, jamaa anamtazama, anaendelea na palizi. Mluzi wa babu unabaki kwa babu.

Ukilinganisha na muziki mwingine, hali hii ni ngumu zaidi. Kipande cha Messiaen kimeandikwa. Wapigaji wote wa kwanza wameshakufa, na bado wengine wanakipiga. Inanga ina kanda zilizorekodiwa Burundi tangu miaka ya 1960. Wimbo wa mlembe hauna karatasi inayotosha. Ukirekodi mluzi wa mrina peke yake umepata nusu, na nusu ya pili iko kichwani mwa ndege wa msitu ule ule. Mmoja akisahau, mwenzake naye anakosa wa kuimba naye.

Afrika Mashariki ina watunzi wa muziki wa chemba. Kazi ya Justinian Tamusuza wa Uganda ilipigwa na Kronos Quartet, kundi maarufu la nyuzi la Marekani, ikaingia kwenye albamu yao ya mwaka 1992 ya watunzi wa Afrika, midundo ya Kiganda ikipigwa kwa fidla na selo. Mtunzi atakayemtaka mlembe atakuta nusu ya kazi imeshafanyika: wawili wanaitana, mmoja anatoweka, anarudi, miruko inafupika, mwendo unapungua, kimya.

Kwa aliye Kasanda, Kibondo au Kasulu na ana mzee aliyewahi kurina porini, simu yenye kinasa sauti inatosha kuanzia. Mwombe apige mluzi wake wa kumwita ndege jinsi alivyofundishwa, asiupambe. Mwulize anasema nini njiani wakati anamfuata, maana wengine huzungumza na ndege kama wanavyozungumza na mtu. Kisha, kama bado anaitikiwa, nendeni wote asubuhi na urekodi safari nzima bila kukata, hasa pale mwishoni ambapo kelele ya kiberiti inaisha na zinabaki zile noti chache za taratibu. Na mkifika kwenye nyuki, mwachieni sega lake mahali pa wazi, juu ya jani, ambapo atalikuta kabla ya siafu.